Kalamu ya Risasi na Uso wa Jirani

Chukueni daftari la hesabu la mtoto yeyote wa shule ya msingi, mkalifungue upande wa nyuma. Mtakuta ng'ombe mwenye nundu kubwa kuliko tumbo, basi la abiria lenye magurudumu sita upande mmoja, na mwalimu ambaye kichwa chake kimechukua nusu ya ukurasa. Baba akiona hayo hukasirika, kwani daftari limenunuliwa kwa fedha, wala hakulinunua ili lijazwe vichwa vya walimu. Mtoto hupata kofi moja au mawili, na mara nyingi mambo huishia hapo. Miaka ikipita mkono ule hauchori tena. Mwombe mtu huyo, ambaye sasa ni mzee wa nyumba, akuchoree chini kwa kijiti njia ya kufika kwake: atacheka kwa haya na kusema, "Mimi sijui kuchora."

Hasira ya baba ina haki yake; fedha ya daftari ni fedha. Lakini lipo jambo ambalo baba hakuliona. Mtoto yule alipochora kichwa cha mwalimu, alikuwa amemtazama mwalimu. Alikwisha kuona kuwa masikio yake yamesimama, kwamba kola ya shati imekaa upande, na kwamba akikasirika mdomo wake hukunjamana kama mfuko uliofungwa kwa kamba. Wengi wetu tunaishi na jirani miaka 20 bila kumtazama hivyo hata siku moja. Tunamjua kwa yale yanayosemwa juu yake.

Habari hii nawaandikia wale ambao mkono wao haukukubali kuacha: watu wazima kwa vijana wanaochora kidogo kila siku kwa mapenzi yao, wasio na mshahara wa kazi hiyo wala cheti chake. Nimeiweka Kisesa, kwa sababu sijui mahali panapofaa zaidi. Kisesa ipo wilaya ya Magu, kama kilomita 20 kutoka mjini Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Aliyepita hapo anajua kuwa hakuna saa isiyo na kitu cha kutazama. Mabasi yanasimama, pikipiki zinagombea abiria, akina mama wameketi nyuma ya mafungu ya dagaa na nyanya, wachungaji wanavusha ng'ombe barabarani, madereva wanapiga honi na ng'ombe hawajali. Na mwendo mfupi kutoka barabarani ni Bujora, penye kanisa na makumbusho ya Wasukuma.

Asije mtu akadhani kuchora ni jambo lililoletwa na shule katika nchi hii. Mwaka 1953 Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika akichunguza mila za makabila, alitoa kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka, wale tunaowaita Bayeye. Wacheza nyoka hao walichora juu ya kuta za nyumba za chama chao nyoka, watu na wanyama, kwa rangi walizozipata mahali walipo. Chama hicho kilikuwa na siri zake, na juu ya siri hizo Kanisa lilikuwa na maneno yake. Hilo si shauri letu leo. Shauri letu ni mkono. Mkono wa Msukuma ulijua kuchora kabla ya kushika chaki.

Jambo hili lilitambuliwa vizuri na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Yeye ndiye aliyeanzisha makumbusho ya Bujora, naye hakuona kuwa Mkristo wa Kisukuma sharti asahau mikono ya babu zake. Kanisa la Bujora limejengwa kwa mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na tabernakulo yake nayo ni mfano wa nyumba. Mtu akiingia humo kusali hawezi kusema ati sanaa ni kazi ya wasio na kazi.

Sasa, picha ni jambo moja na katuni, au kibonzo kama wengine wasemavyo, ni jambo jingine. Mchora picha hutaka kukuonyesha ng'ombe kama alivyo. Mchora katuni hutaka ucheke, na baada ya kucheka ufikiri. Nchi zetu hazikukosa mabingwa wa kazi hiyo. Wazee wanamkumbuka Chakubanga aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Wapo waliomtafuta Chakubanga kwanza, hotuba za wakubwa wakazisoma baadaye au wasizisome kabisa. Kwa jirani zetu wa Kenya, Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950 akaendelea naye hata uzeeni, ikapita zaidi ya miaka 50 ya mtu yule yule na ujinga wake ule ule, na wasomaji hawakumchoka. Vijana wa miaka ya 1980 waligombea jarida la Sani, wakisomeana kwa zamu vituko vya Madenge na vya Ndumilakuwili. Naye Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na mwaka 1992 aliacha masomo ya usanifu wa majengo akaenda Nairobi kuchora katika gazeti la Nation. Sifa zake zimefika mbali.

Lakini angalieni: hao walikuwa na gazeti linalowangoja. Mhariri anataka katuni leo, na kesho anataka nyingine; asiyechora hali. Njaa ni mwalimu mkali, humfanya mtu achore kila siku apende asipende. Mchoraji wa Kisesa hana mhariri. Hakuna atakayemwuliza jioni, "Uko wapi mchoro wa leo?" Yeye mwenyewe sharti awe mhariri wake na njaa yake, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Wanachora Jumapili moja michoro kumi kwa furaha kubwa, kisha miezi miwili daftari linalala juu ya kabati likiliwa na mende.

Kwa mtu wa namna hiyo napenda kuutaja mfano wa Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru. Huyu hakusoma shule yoyote ya uchoraji. Alianza kupaka picha zake Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 30, kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Mwaka 1972 alifariki. Hesabuni wenyewe: ni kama miaka minne tu. Kwa miaka hiyo michache, akifundisha ndugu na jamaa waliomzunguka, aliacha namna ya kuchora ambayo leo inaitwa kwa jina lake duniani kote. Basi anayesema, "Nimechelewa, mimi ni mtu mzima," aniambie amechelewa nini.

Je, kuchora kila siku hufanywaje na mtu mwenye shamba, mifugo na watoto? Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwani nimeona wengi wanashindwa kwa mambo madogo.

Jambo la kwanza ni saa. Usiseme, "Nitachora nikipata nafasi," maana nafasi haipatikani kijijini. Ukikaa tu, mtu atakuletea kazi. Chagua dakika kumi zilizofungwa na jambo lingine lisilokosekana. Wengine wanafaa mara baada ya sala ya asubuhi, kabla ya kushika jembe. Wengine ni wakati wa kungojea ugali uive. Mwenye duka ana saa nyingi kuliko anavyokubali: kati ya mteja na mteja kuna mchoro mzima. Dakika kumi zikiisha, acha, hata kama mguu wa ng'ombe haujakamilika. Ng'ombe mwenye miguu mitatu si dhambi. Kesho utarudi kwa hamu.

Jambo la pili ni vifaa, nami hapa sitaki kusikia visingizio. Kalamu ya risasi moja na daftari la kurasa 48 vinatosha kwa miezi. Karatasi ikikosekana, nyuma ya kalenda ya mwaka jana ni nyeupe na ngumu kuliko daftari lolote. Boksi la sabuni likichanwa ni ubao mzuri. Kalamu ikikosekana, makaa yapo, na mtu anaweza kujitengenezea makaa mazuri ya kuchorea. Kata vijiti vyembamba vilivyonyooka, vimenye ganda, uvipange vikibanana ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, na mfuniko uutoboe tundu dogo kwa msumari. Liweke kopo motoni. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma kutoka, liondoe, wala usilifungue mpaka lipoe kabisa, maana hewa ikiingia wakati kuna moto utapata majivu. Makaa hayo huchafua mikono na mashati, basi mke asije akanilaumu mimi.

Juu ya ufutio, mimi binafsi siupendi kwa anayejifunza. Mwenye ufutio hufuta pua mara saba, na mwisho wa dakika kumi ana karatasi iliyochanika na uso usio na pua. Asiye na ufutio huchora pua mbaya, akaiacha, akachora nyingine pembeni. Mwisho wa mwezi ana pua 30, na ya thelathini si sawa na ya kwanza. Chini ya kila mchoro aandike tarehe, maana asipoandika tarehe hataamini kuwa ametoka mbali.

Tena yapo mambo machache ya ufundi ambayo mtu akielezwa mara moja humwokoa miaka. Macho ya mtu hayako juu ya kichwa kama watoto wanavyochora, bali katikati, nusu ya njia kutoka utosini mpaka kidevuni. Pimeni kwa vidole mtaona. Urefu wa mtu mzima ni kama vichwa vyake saba au saba na nusu, lakini wa mtoto mdogo ni kama vinne tu. Ndiyo sababu mtoto akichorwa kwa kipimo cha mtu mzima huonekana kama mzee aliyefupishwa. Kiganja na vidole, ukikiweka usoni, hufika kutoka kidevuni mpaka karibu na nywele zinapoanzia, na wachoraji wengi huwapa watu mikono midogo kama ya panya. Masikio ya ng'ombe huota chini ya pembe na nyuma yake. Mguu wake wa nyuma una kiungo kinachoelekea nyuma, nasi tunadhani ni goti. Si goti, ni kisigino kilichopanda juu. Na baiskeli, ambayo ni adui wa kila mchoraji, ianze kwa magurudumu mawili yaliyolingana, kisha pembetatu mbili za vyuma zilizoshikana katikati. Ukianza na usukani umepotea.

Kisha kuna adabu. Mtu hapendi kukodolewa macho sokoni na kijana mwenye daftari, naye anayo haki ya kuuliza anaandikwa kwa sababu gani. Siku hizi watu wamezoea kuandikwa wakati wa kodi na wakati wa mkopo. Basi salimu kwanza. "Mwangaluka, mayu," kisha, "Shikamoo mama, naomba nikae hapa nichore beseni lako la dagaa." Wengi watacheka na kukubali, na watakuuliza kama beseni hilo litatoka gazetini. Ukiona hapana nafasi ya kuomba, usichore palepale. Tazama vizuri kwa muda, shika moyoni mambo matatu tu, kwa mfano shingo ya mwenye kubeba ndoo ilivyonyooka, nyonga ilivyoegemea upande mmoja, na mkono ulio huru ulivyotupwa mbali na mwili. Kisha nenda nyumbani ukachore. Zoezi hilo la kukumbuka ni bora kuliko yote, na wachora katuni wengi wanaishi kwa hilo.

Katuni yenyewe ina siri moja tu: hukuza kitu kimoja. Katika mtu unatafuta kile kilicho chake peke yake, kofia, mwendo, namna ya kushika kiuno, nawe unakipanua, mengine unayaacha madogo. Ukikuza vitu vitano unapata zimwi, wala hakuna atakayemtambua. Na mtu wa kwanza kukuzwa awe mchoraji mwenyewe. Ajichore mwenyewe kwenye kioo, tumbo lake, upara wake, meno yake, awaonyeshe watu wacheke. Akishindwa kuvumilia hayo, asiguse sura ya mwingine.

Hapa nafika mahali pazito.

Mpe kijana anayejifunza katuni mzee wa kike amchore. Akuze nini? Mara nyingi ataanza na macho mekundu. Mahali pengine hilo lingekuwa mzaha tu wa kalamu. Usukumani si mzaha. Tangu miaka ya 1970 zimeandikwa na kuchunguzwa habari za wazee, walio wengi wao akina mama, waliouawa katika sehemu za Mwanza na Shinyanga kwa kushukiwa uchawi. Mtoto amekufa kwa homa, ng'ombe wamekufa, mvua imekawia. Jina linatafutwa, na jina linalopatikana ni la bibi anayekaa peke yake, mwenye macho mekundu. Macho hayo yamehesabiwa kuwa ushahidi, watu wameyaamini kuliko walivyoamini hakimu.

Ushahidi wa nini? Wa moshi. Kila mwenye mama anajua, kama akitaka kujua. Katika sehemu nyingi za Usukuma miti imekwisha, na moto wa jikoni ni wa kuni mbichi, mabua na hata samadi ya ng'ombe iliyokaushwa. Nyumba ya jikoni ina mlango mfupi wala haina dirisha. Msichana huanza kuinama juu ya mafiga matatu akiwa na miaka saba au nane, hupuliza, hukohoa, hufuta machozi kwa kanga, na hufanya hivyo mara mbili au tatu kila siku kwa miaka 50 au 60. Kisha tunashangaa macho yake.

Mchoraji wa kila siku anaweza kuona neno hili kuliko mhubiri, kwa sababu kazi yake humpeleka jikoni. Na akae humo asubuhi moja, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, achore mafiga. Achore moshi unavyopanda, unavyogonga paa, unavyorudi chini na kutafuta mlango. Achore bibi anavyoinama, shavu lake likiwa karibu na moto. Dakika kumi hatazimaliza, atatoka nje akikohoa na macho yake mwenyewe yamekuwa mekundu. Hapo ataijua habari ambayo uvumi haukumwambia.

Tena anaweza kuifanya katuni. Naitoa kwa yeyote aitakaye, bila malipo. Mistatili minne kwa safu. Katika wa kwanza, msichana mdogo mwenye macho meupe anapuliza moto. Katika wa pili, jikoni lile lile na mafiga yale yale, mwanamke aliyejifunga mtoto mgongoni anapuliza, macho yameanza kubadilika. Katika wa tatu, mama wa makamo. Katika wa nne, bibi, macho mekundu, na mlangoni wamesimama wanaume watatu wakinong'ona, mmoja wao ameshika bakuli tupu, ishara kwamba amekuja kula chakula alichopikiwa kwa moshi ule ule. Maneno hayahitajiki. Hapa kilichokuzwa ni moshi, ujaze mistatili yote minne mpaka pembeni. Uso wa bibi uchorwe kwa kipimo chake cha kweli, pasipo kuongeza kitu, mkunjo kwa mkunjo, kama ungemchora mama yako. Ikibandikwa katika ukumbi wa parokia au mahali jumuiya inapokutana, nadhani mazungumzo yatakayofuata yatakuwa marefu, na pengine baba mmoja au wawili watarudi nyumbani kutoboa dirisha la jikoni.

Mchoro ule ule ukifanywa kwa wepesi, bibi mwenye macho makubwa mekundu na meno mawili, unaweza kufanya kinyume chake. Zamani ungebaki katika daftari. Leo mtu huupiga picha kwa simu, akautuma kwa rafiki mmoja kwa kuchekesha, na kabla ya adhuhuri umefika kwenye simu 50, umeandikiwa jina la bibi wa kweli na kijiji chake. Hakuna ufutio wa kufuta huo. Kwa hiyo desturi nzuri ya mchora katuni wa kijijini ni hii: mchoro wa mtu anayetambulika uonwe kwanza na mwenyewe. Akicheka, mpe auchukue. Akinyamaza, uchane mbele yake.

Turudi kwenye nyumba. Wake kwa waume huuliza, kazi hii italeta nini mezani? Swali ni la haki. Mara nyingine huleta kidogo: mwenye duka anataka kuandikiwa ukutani na kuchorewa mfuko wa saruji, mwenye saluni anataka vichwa vitatu vilivyosukwa, kwaya inataka jina lake juu ya kitambaa. Katekista mwenye mkono wa kuchora ana msaada mkubwa, kwani watoto wanaosinzia katika mafundisho huamka ukichora ubaoni Zakayo juu ya mti. Na mti wenyewe uwe wa hapa hapa, mkwaju au mwembe, mtoto aujue. Lakini sipendi kumdanganya mtu. Wengi wanaochora kila siku hawatapata senti ya maana. Wapo wanaopiga gitaa jioni bila kulipwa, na wapo wanaocheza bao mpaka giza, nao hatuwaulizi faida. Mchoraji aliyepata fedha anachora anachoagizwa. Asiye na fedha anachora anachokiona. Sina hakika kama wa pili ndiye maskini.

Juu ya wasichana nina neno fupi. Katika michoro ya nyuma ya madaftari, ya wasichana si mibaya kuliko ya wavulana, lakini wao huacha mapema, kwa sababu jioni mvulana ana saa moja ya kuzurura na dada yake ana ndoo. Baba anayetaka kuwatendea sawa ampe binti dakika zake kumi, ndoo ichukuliwe na kaka.

Wachoraji wana wasimamizi wao mbinguni pia. Mapokeo ya zamani yanasema Mtakatifu Luka mwinjili alimchora Bikira Maria, na kwa hiyo wachoraji wamekuwa wakiiadhimisha sikukuu yake, tarehe 18 Oktoba. Na yupo Fra Angelico, mtawa Mdominiko wa Italia aliyefariki mwaka 1455, ambaye kuta za vyumba vya watawa wenzake huko Florence alizipaka picha za maisha ya Bwana wetu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1982, na mwaka 1984 akamfanya msimamizi wa wasanii. Husimuliwa kuwa hakushika brashi kabla ya kusali. Mchoraji wa Kisesa anaweza kufanya hivyo kwa dakika moja kati ya zile kumi, na bado akapata tisa.

Kwa wale watakaoanza sasa, nawapa kazi ya mwezi wa Juni. Siku zile za sikukuu ya Ekaristi hufanyika Bujora ngoma za Bulabo, na wachezaji wa Bagalu na Bagika hushindana kuvuta watu upande wao. Hakuna kigumu kuchora kama mchezaji ngoma: ukimaliza bega, mtu mwenyewe amekwisha kuruka upande wa pili. Nenda mapema na daftari mbili na kalamu zilizochongwa pande zote. Kaa mahali penye kivuli, jua likiwa nyuma yako. Anza na ngoma na wapigaji wake, kwani ngoma haihami na mikono ya mpigaji hurudi palepale kila mara. Kisha wachore watazamaji, hasa watoto waliopanda mabegani mwa baba zao. Wachezaji waache mpaka mwisho, uwachore kwa mstari mmoja tu kila mmoja, kutoka kichwani mpaka kisiginoni, bila kunyanyua kalamu. Na kama kuna mcheza nyoka karibu, usogee nyuma hatua chache kabla ya kuinamisha macho kwenye karatasi.